Mpango wa Washirika wa YouTube kwa mtu wa Tanga: unalipa, ila angalia mtazamaji wako yuko wapi

Mpango huu, ambao YouTube humgawia mwenye chaneli sehemu ya mapato ya matangazo, unalipa. Tuanze hapo, maana vijiweni Ngamiani wapo wanaosema hela ya YouTube ni hadithi, na wapo wanaoamini ukifikisha wafuatiliaji 1,000 mshahara umeshaanza. Wote wamekosea. Mpango unapatikana Tanzania, hesabu zake unaziona mwenyewe, na malipo yana tarehe zake. Kasoro yake kwa anayetaka kuishi kwa video tu ni kwamba bei ya matangazo hufuata alipo mtazamaji. Jasho lako halimo kwenye hesabu.

Fungua Studio (sehemu ya YouTube ya kuendeshea chaneli yako), ingia kwenye takwimu, utaona namba inayoitwa RPM. Hicho ndicho kinachokufikia kwa kila mara 1,000 unapotazamwa, YouTube ikishachukua chake. Kwenye video ndefu unabaki na asilimia 55 ya mapato ya matangazo; kwenye Shorts (video fupi) ni asilimia 45 ya fungu ulilogawiwa. Sasa piga hesabu. Tuseme RPM yako ni nusu dola na unataka dola 300 kwa mwezi: lazima utazamwe mara 600,000, na mwezi ujao mara nyingine 600,000. RPM ikiwa dola 3, mara 100,000 zinatosha. Kamera ileile, bando lilelile. Kinachobadilika ni kwamba mwenye tangazo anayemtafuta mteja wa Toronto hutoa dau kubwa kuliko anayemtafuta mteja wa Korogwe.

Ndiyo maana vichekesho vya Kiswahili hupata watu wengi na pesa nyembamba, wakati chaneli ndogo ya kufundisha wageni Kiswahili, au ya kuonyesha mapango ya Amboni yenye manukuu (maandishi ya chini ya video) ya Kiingereza, inaweza kulipwa vizuri zaidi kwa watazamaji wachache. Kuacha Kiswahili si lazima. Studio inakuruhusu kuweka tafsiri ya kichwa, maelezo na manukuu kwa kila video. Pishi la kaimati likiwa na manukuu mazuri linamfikia pia mtu ambaye hajawahi kusikia neno kaimati. Halafu kuna ndugu zetu walioko Oman na kwingineko wanaotamani kuiona Raskazone jioni. Hao wanaelewa Kiswahili chote na wanatazama kutoka nje.

Masharti ya kupata mgawo wa matangazo ni wafuatiliaji 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12, au Shorts zilizotazamwa mara milioni 10 ndani ya siku 90. Saa 4,000 ni dakika 240,000. Mtu mmoja akikaa dakika nne kwa wastani, unahitaji kutazamwa mara 60,000. Muda wa Shorts zinazotazamwa kwenye mfululizo wake hauingii kwenye hizo saa, na hapa ndipo wengi wanapochoka, maana namba zinapanda huku saa zimesimama palepale. Wafuatiliaji wa Shorts wengi ni waja leo waondoka leo. Tumia Shorts kumvuta mtu kwenye video ndefu, na video hiyo ivuke dakika 8, kwani chini ya hapo huwezi kuweka tangazo katikati. Lakini usivute maneno ili ufike dakika 8. Watu huondoka, na YouTube inaona walipoondokea.

Sehemu mbovu kuliko zote kwa mtu wa huku ni barua ya PIN. Salio la AdSense (akaunti ya Google ambako mapato yako huingia) likifika dola 10, Google hutuma kwa posta kikaratasi chenye tarakimu sita za kuthibitisha anwani. Huchukua kama wiki mbili hadi nne, wakati mwingine zaidi. Shida inaanza mtu anapojaza S.L.P. ya shule au ya ofisi ya shemeji. Barua inafika, inachanganywa na bili, inakaa mezani kwa mhasibu. Zikipita miezi minne bila kuingiza PIN, matangazo yanasimama. Ukikosea kuiingiza mara tatu, nayo yanasimama. Kodi sanduku lako posta, au tumia la mtu anayelifungua kila wiki, na jina liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho. Jina hilohilo ndilo liwe kwenye akaunti ya benki. Jina la usanii liache kwenye chaneli. Na nchi uichague vizuri siku ya kwanza, kwa sababu haibadiliki bila kufungua akaunti nyingine.

Kodi ya Marekani inawatisha watu bure. Jaza fomu ya W-8BEN, inayoonyesha kwamba wewe si mlipakodi wa Marekani, ndani ya AdSense. Tanzania haina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo utakatwa asilimia 30, lakini kwa mapato ya watazamaji walioko Marekani tu. Usipojaza, makato yanaweza kufika asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima.

Malipo: mapato ya Januari yanaingia AdSense kati ya tarehe 7 na 12 Februari, na kama salio limefika dola 100, yanatumwa kati ya tarehe 21 na 26. Halijafika, linasubiri. Anayeacha kazi leo awe na akiba ya kumvusha miezi hiyo mikavu. Uliza benki kabla hawajakuandikisha: makato ya fedha kutoka nje ni kiasi gani, na wanabadilisha dola kwa bei ipi.

Muziki ni mtego wa mji huu. Taarabu iko harusini, iko kwenye bajaji, iko dukani Barabara ya Nane. Ikisikika kwenye video yako, mfumo wa Content ID, unaotambua nyimbo zenye wenyewe, unaweza kumpa mwenye wimbo mapato yote ya video hiyo. Hilo ni dai tu, halifungi chaneli. Onyo la hakimiliki, mwenye wimbo anapotaka video iondolewe, ndilo la kuogopa, maana matatu ndani ya siku 90 yanaweza kuiondoa. Kipande chenye wimbo unaweza kukinyamazisha au kukikata ndani ya Studio bila kupakia upya. Ufukweni tatizo ni upepo: maiki ya kola bila kofia ya manyoya hurekodi mngurumo mtupu, na kuutoa baadaye kwa programu ni kazi ngumu.

Bando nalo lina hesabu yake. Video ya dakika 10 ya 1080p iliyotolewa kwa megabiti 8 kwa sekunde ina uzito wa megabaiti 600 hivi. Kwa kasi ya kupakia ya megabiti 2, ni dakika 40. Ipakie ikiwa ya faragha, subiri ukaguzi wa hakimiliki umalizike, ndipo uifungue.

Kwa matangazo peke yake tunaipa nyota 3 kati ya 5. Wanaoishi kwa video kwa kawaida huongeza wateja wa moja kwa moja: hoteli ya Pangani, fundi makochi, duka la simu. Andikianeni bei kwa kila video, nusu ilipwe kabla ya kuwasha kamera, na Studio weka alama kwamba kuna tangazo la kulipwa. Ukianza kusoma habari na matukio, Kanuni za Maudhui Mtandaoni za 2020 zinadai leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Chaneli ya mapishi kujiita “TV” ni fasheni tu, na inakuletea maswali usiyoyahitaji. Kampuni ya hapa nchini ikikulipa hukata asilimia 5 ya kodi ya zuio, utaratibu ulioanza na Sheria ya Fedha ya 2023. Uwe na namba ya mlipakodi (TIN), na udai hati ya makato hayo palepale.