Seti ya kuvulia samaki ya "mashindano" ya elfu 85, nimeitumia miezi mitatu Mikindani

Nianze kwa kusema seti yenyewe sio mbovu, ila hayo mashindano iliyotengenezewa sio ya huku kwetu. Mimi iliniponza Youtube ya usiku, wale Wamarekani wanaoshindana kuvua samaki anaitwa besi, mtu ana boti inakimbia kuliko mabasi ya Dar, na mwisho wa siku anapeleka samaki watano tu kwenye mizani, wakiwa hai, akileta aliyekufa anakatwa uzito, alafu wanarudishwa majini. Ray Scott, mmoja wa waanzilishi wa hayo mashindano, aliitisha shindano lake la kwanza Arkansas 1967 na leo kuna watu wanaishi kwa hiyo kazi. Nikasema na sisi Ntwara si tuna maji bwana.

Maji tunayo ila besi hatuna, yule ni samaki wa maji baridi, wa karibu ninaowajua mimi wako Naivasha kule Kenya na wenyewe waliletwa toka Marekani miaka ya 1920. Hilo nililijua ila niliona fimbo ni fimbo. Nikaagiza kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni Dar, elfu 85, parseli ya basi elfu 7, ikafika stendi kesho yake imefungwa vizuri tu.

Fimbo nimeipenda, nisiwe mnafiki. Futi 7, vipande viwili, nyepesi, kichwa kinapinda vizuri, hata kibua akigusa unamsikia mkononi. Wiki mbili za kwanza sikuvua kitu, nilikuwa naweka tairi bovu la bodaboda uwanjani nyuma ya nyumba najifunza kurusha chambo kiingie katikati, watoto wa mtaa wanahesabu kwa sauti. Kama unataka kuanza haya mambo anza hivyohivyo, maana wale wa mashindano wanarusha chini ya tawi la mti nafasi kama beseni, na sisi kwenye mikoko ni yaleyale, ukikosea ndoano imebaki kwenye mzizi.

Tatizo la kwanza ni kiboksi cha chambo. Kwenye mashindano makubwa ya besi chambo cha kweli hakiruhusiwi, ni bandia tupu, ndo maana ndani umejaziwa minyoo ya mpira 40, samaki wa plastiki wawili na vijiko vitatu vya chuma. Kijiko kiko poa, maji yakijaa nimepata vibua na kolekole wadogo. Ile minyoo sasa! Unatupa, unasikia tap tap, unavuta, mkia hauna. Unatupa tena, kimerudi kichwa kitupu kimekatwa kama kwa mkasi. Nilidhani ni kitu cha maana mpaka nilipomvuta juu, bunju, kajijaza upepo kama mpira ananitolea meno. Asubuhi moja kanilia minyoo 11 na yeye mwenyewe huwezi kumla, ana sumu.

Tatizo la pili na ndo kubwa ni rili, ile mashine ya kuzungushia uzi. Tangazo lilisema bodi ya chuma, beringi 12. Wiki ya tatu ile waya ya kufungulia uzi ikaanza kukwama, mpini ukizungusha unasaga kama kuna mchanga. Nikaifungua mezani jikoni, chumvi nyeupe imeshika kwenye skrubu, springi ina kutu, bodi plastiki iliyopakwa rangi ya silva, beringi nimehesabu tatu. Kumtumia picha muuzaji ananijibu "ndo yenyewe hiyo boss". Nikaiosha maji ya bomba, nikaikausha, tone la mafuta ya cherehani, imefufuka. Toka hapo kila nikirudi baharini naiosha kabla sijaoga mimi, breki ya uzi nimeilegeza ili ikae bila kubanwa, na mpaka leo inafanya kazi ila haijarudi kuwa laini. Uzi wake nao tupa, unakaa na mikunjo ya springi, nimeweka wa kusuka.

Tukafanya na mashindano yetu, watu wanne, samaki watano kila mtu, wakae kwenye ndoo za lita 20 tunabadilisha maji. Mizani tuliazima kwa jamaa mmoja wa kangomba, wale wanaonunua korosho kimagendo, ya kilo 100, umetundika changu wa robo na mshale haujashtuka hata kidogo (labda ndo maana ananunuaga korosho kwa raha). Ikabidi niende kuchukua ya mke wangu ya kupimia unga wa keki, hilo hajui mpaka leo. Sheria ya chambo bandia ilidumu saa moja na nusu, kuna mtu akatoa ngisi mfukoni na hakuna aliyebisha. Na ile ya kurudisha samaki majini, mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza mtumbwi wake pale alituangalia akauliza, "Wajukuu, hao wamewakosea nini?" Tukaenda kukaanga.

Kwangu ni nyota tatu, mbili na nusu za fimbo. Ukipata fimbo peke yake chukua, rili nunua nyingine iliyotengenezewa maji chumvi hata kama itabidi usubiri pesa ya korosho. Minyoo imebaki 29, anayeishi karibu na maji baridi aje inbox tuelewane, bei ya kutupa.