Kadi ya nyayo za wanyama wakali: inapokufaa na inapokupotosha porini Lindi na Mtwara

Kadi tunayoizungumzia ni ya ukubwa wa A5, imechapwa pande mbili na kuwekewa laminesheni. Upande mmoja kuna nyayo za simba, chui, fisi, mbwa mwitu na mamba, na rula ya sentimita pembeni. Upande wa pili una maelekezo ya usalama. Bei ni shilingi 5,000. Imekusudiwa wawindaji wenye leseni na wanaolala shambani kulinda mazao, kuanzia Liwale na Nachingwea hadi Nanyumbu kando ya Mto Ruvuma. Huku kutambua unyayo si jambo la kubahatisha: kati ya 1990 na 2004 simba waliua watu wasiopungua 563 nchini, na kusini ndiko kulikoumia sana.

Kabla ya kulipa, kagua rula. Nakala nyingi zimepunguzwa kidogo ili picha ienee kwenye karatasi, na rula nayo ikapungua. Weka rula ya shule juu yake. Kama sentimita 10 za kadi ni 9 za kweli, iache dukani. Kwa kadi ya namna hiyo chui dume mwenye unyayo wa sentimita 9 atasomeka 10, na hapo umeshamwita simba jike.

Vipimo vyenyewe vimeandikwa vizuri. Chui ni kama sentimita 7 hadi 9 kwa urefu, simba jike 10 hadi 11, dume 12 hadi 13. Kadi haisemi upime wapi, na hapo ndipo wengi wanapokosea. Pima sakafu ya unyayo, pale mguu ulipokanyaga hasa, usipime ukingo wa juu ambao udongo umefunguka na kumomonyoka. Kwenye mchanga mkavu chini ya mikorosho iliyopaliliwa, ukingo hutanuka hata chui akaonekana simba. Tafuta nyayo kadhaa za mnyama yuleyule, pima zile zilizokaa vizuri, na utofautishe mguu wa mbele na wa nyuma, maana wa mbele ni mpana zaidi.

Kasoro kubwa ni sentensi moja iliyokolezwa wino: "Ukiona kucha, si simba." Ni kweli kwamba simba na chui huficha kucha wanapotembea, na fisi na mbwa mwitu huziacha zikionekana. Lakini simba akiteleza kwenye tope, akipanda ukingo wa korongo au akikimbia, kucha hutoka na kuacha alama. Tena kwenye ardhi ngumu kucha za fisi zinaweza zisionekane kabisa. Anayetegemea kucha peke yake anaweza kuendelea na safari akidhani anamfuata fisi.

Tazama kisigino kwanza, yaani ile pedi kubwa iliyo nyuma ya vidole. Cha simba na chui ni kikubwa kuliko vidole, na ukingo wake wa nyuma una mafundo matatu yaliyo wazi. Cha fisi kimekaa mshazari, vidole vimebanana, na mguu wa mbele ni mkubwa waziwazi kuliko wa nyuma. Cha mbwa mwitu ni cha pembetatu na unyayo wote ni mrefu kuliko upana, kama wa mbwa wa kijijini aliyekua sana. Picha ya simba kwenye kadi imechora mafundo hayo matatu sawasawa, ila hakuna neno hata moja la kumwelekeza msomaji ayatazame. Mstari mmoja ungetosha.

Mtoto wa simba anaweza kuwa na unyayo wa ukubwa wa chui mzima. Kadi imelinyamazia hilo. Ukiona unyayo wa sentimita 8, zunguka eneo ukitafuta mkubwa ubavuni mwake. Ukiupata, mama yupo na watoto, na huo ndio mwisho wa mawindo upande huo.

Kuhusu umri wa unyayo, kadi inasema tu "kingo kali ni mpya". Hii ni hatari kwa pande zote mbili. Kwenye udongo mweusi wa mbugani, unyayo uliokanyagwa wakati wa mvua hukauka na kubaki na kingo kali miezi mingi baadaye. Kwenye mchanga, upepo wa saa chache unaufuta ule wa alfajiri. Dalili za kuaminika zaidi ni hizi: matone ya umande yakiwa yametoboa sakafu ya unyayo, mnyama alipita kabla umande haujaanguka; njia za wadudu zikikatiza ndani yake, usiku umepita juu yake; nyasi zilizokanyagwa zikiwa bado zinainuka, yuko karibu. Soma asubuhi au alasiri jua likiwa chini, ukisimama unyayo uwe kati yako na jua, kivuli kijaze mashimo.

Maelekezo ya usalama mengi yanafaa: usiwe peke yako, usikimbie, mkabili mnyama kwa uso, jikusanyeni, piga kelele, rudi nyuma taratibu. Lakini "panda mti" lifutwe. Chui anapanda kuliko mtu yeyote, simba naye anapanda, na kule kugeuka na kukimbilia mti ndiko kunakomwalika akufuate. Mambo matatu makubwa hayamo kabisa. Tai wakitua, au wakikaa mitini bila kushuka, huenda kuna mzoga na mwenyewe bado yupo; zunguka mbali. Simba au chui aliyejeruhiwa asifuatwe kichakani, apigiwe simu ofisa wanyamapori. Na siku zinazofuata mwezi mpevu, saa za giza kabla mwezi haujachomoza ndizo za kuogopa zaidi, hasa kwa mtu aliye kwenye dungu, kibanda cha kulindia shamba, la chini lisilo na ukuta.

Tungeongeza pia nguruwe pori. Nyayo zake za kwato zikijaa kwenye mahindi au mihogo, simba anaweza kuwa nyuma yake, kwa hiyo kuzisoma ni sehemu ya usalama. Mamba amechorwa vizuri, pamoja na mburuzo wa mkia, na kwa wanaochota maji Ruvuma picha hiyo peke yake inalipa bei.

Laminesheni ni nzuri mpaka utoboe tundu la kamba. Maji huingia hapo na wino wa rula hutawanyika. Tumia kifuko cha plastiki, usitoboe. Juu ya kadi kuna nafasi tupu ya vidole viwili: andika kwa kalamu isiyofutika namba ya ofisa wanyamapori wa wilaya na ya mwenyekiti wa kijiji, na chini ya ile sentensi ya kucha andika "tazama kisigino".