Shahada ya uhandisi wa petroli: miaka minne yangu, nyota tatu

Khalati yangu wa Wete kanipigia simu baada ya Isha. Mwanawe kamaliza kidato cha sita, PCM (fizikia, kemia na hisabati), na keshashikilia kuwa anaomba uhandisi wa petroli. Khalati swali lake moja tu: "Hiyo ya mafuta, mwanangu, inalisha?" Nilimjibu mpaka salio likakatika. Haya ni yale niliyomwambia, pamoja na yaliyobakia mdomoni.

Niliingia chuo huko bara mwaka 2017. Sheria ya mafuta na gesi ya Zanzibar ilikuwa na mwaka mmoja tu, na Pemba kila baraza ya kahawa ilishapata mtaalamu wake. Tundaua tunaijua sote, pale mafuta yanapochuruzika yenyewe ardhini bila ya kuombwa. Oktoba 2018 SMZ, serikali yetu ya Zanzibar, ikasaini mkataba na RAK Gas, kampuni ya mafuta na gesi ya Ras al-Khaimah, na darasani wakanibatiza Bi Mafuta. Wiki nzima nilitembea kwa maringo. Basi mpaka leo Pemba haijauza hata pipa moja, na pipa lenyewe ni lita 159 tu. Kama mtoto anakwenda kusoma akisubiri kisima cha Pemba, namwambia mapema: asisubiri.

Ada haikuniumiza sana, bodi ya mikopo ilibeba sehemu kubwa. Kilichonimaliza ni kodi ya chumba na nauli ya boti.

Kilichoniuma hasa ni maabara. Kipimo cha kuzungusha cha mnato, yaani uzito wa kimiminika kinapotiririka, kilikuwepo kabatini, kimefungiwa, kibovu tangu hatujafika. Tulichorewa ubaoni. Kilichofanya kazi ni faneli moja ya plastiki, na tulikuwa kumi na nne tunaigombania. Unaziba tundu la chini kwa kidole, unamimina matope ya kuchimbia (yale yanayoshushwa kisimani yakarudi juu na vipande vya mwamba) mpaka kwenye chujio, unaachia, unahesabu sekunde. Maji matupu hujaza kikombe chake kwa sekunde 26. Matope yenye bentonaiti, udongo unaovimba majini, yanajikokota, yanapita 40. Kidole changu kilibakia na rangi ya udongo muhula mzima, lakini kile kidole ndicho kilichonifundisha kuliko ule ubao. Fildi nayo niliimalizia kwenye ghala la mafuta, nazamisha kijiti tangini, nimekipaka dawa inayobadilika rangi ikigusa maji. Siku ya tatu nilishakuwa hodari. Siku zilizobaki nilikuwa napika chai.

Nyota tatu zinatoka wapi basi? Zote zinatoka mwaka wa nne, kwenye somo la rezavoa, yaani mwamba wa chini unaoshika mafuta. Tulifundishwa kuwa ukivuta mafuta kwa pupa, maji yaliyo chini yake yanapanda kama kichuguu mpaka yakaingia kisimani, na hapo unavuta maji badala ya mafuta. Nikaona ni hesabu za watu wa Ghuba, nikazikariri, nikafaulu.

Sasa nafanya kazi na wachimbaji wa visima vya maji, Unguja. Mwaka juzi tuliitwa hoteli moja ya pwani ya mashariki. Msimamizi hakusema neno, alinimiminia chai tu. Sukari ilikuwa tele, ila chumvi ikaja nyuma yake. Nikacheka peke yangu, maana nilikiona kile kichuguu. Majina tu ndiyo yaliyobadilika: maji matamu juu, ya bahari chini, na pampu kubwa inavuta usiku na mchana. Maji matamu yakisimama mita 1 juu ya usawa wa bahari, chini ya usawa huo yanashuka karibu mita 40. Kwa hiyo ukiyapunguza nusu mita tu juu, chini bahari inapanda mita 20. Tukawawekea pampu ndogo, tukagawa uvutaji kwenye visima viwili vifupi. Chai ilichukua miezi kurudi ladha yake.

Na lile jiwe letu la matumbawe lina mapango. Kuna siku tulimimina matope pipa juu ya pipa, yote yakamezwa, hayakurudi juu hata tone. Fundi wetu mkuu, mzee ambaye hajakanyaga chuo, akatazama tundu akasema, "Hapa pana nyumba ya mtu." Mimi najua jina la kitabuni la kupotea huko kwa matope. Dawa ya kuliziba tundu aliijua yeye.

Kwa hiyo, Khalati, inalisha, ila si kwa mafuta. Kabla hajajaza fomu, aende mwenyewe akaombe kufunguliwa maabara, aguse mashine, aulize inawaka? Wakimwambia mwenye ufunguo hayupo, atafute chuo chengine.

Na Jumamosi namtaka Jambiani, tunaanza kisima kipya saa moja asubuhi. Mwambie asije na kandambili.