Ujumbe wa Mombasa Bungeni: alama zao, na nani ana nafasi ya kurudi 2027

Mombasa ndiyo kaunti ndogo kuliko zote 47 kwa ukubwa wa ardhi, na wa kuchaguliwa tunaowapeleka Bungeni ni wanane tu: wabunge wa Changamwe, Jomvu, Kisauni, Nyali, Likoni na Mvita, Mwakilishi wa Kike, na seneta. Bunge la Taifa lina wanachama 349 bila kumhesabu Spika. Saba wetu humo hawawezi kupitisha wala kuangusha mswada peke yao, kwa hivyo kelele za mikutanoni hatuzipi alama hapa. Tunapima huduma ambazo sheria imewakabidhi, kwa gredi za KCSE, mtihani wa kidato cha nne, A hadi E.

Tuanze na basari, maana ndiyo huduma inayomfikia mzazi mkononi. Fomu hutoka ofisi ya NG-CDF, mfuko wa serikali ya kitaifa wa maendeleo ya eneobunge. Inataka sahihi na muhuri wa chifu, muhuri wa shule, nakala ya kitambulisho cha mzazi, cheti cha kuzaliwa cha mwanafunzi, orodha ya karo na matokeo ya mtihani. Yatima huongeza cheti cha kifo. Hundi huandikwa kwa jina la shule, si la mzazi, na hapo ndipo mambo huanza kuharibika. Jina la shule lililoandikwa kwenye fomu likitofautiana na la akaunti ya benki, hundi hurudi. Nambari ya usajili ya mwanafunzi ikikosekana, mhasibu wa shule hajui hela ni za nani, na mtoto hurudishwa nyumbani hali pesa ziko shuleni. Hundi ikikaa miezi sita bila kuwekwa benki, imekufa.

Hayo ni makosa ya karatasi na yanarekebishika. Kasoro kubwa ni mbili. Hazina Kuu hutuma fedha kwa mafungu, kwa hivyo basari ya muhula wa kwanza huweza kutua muhula wa pili. Halafu kuna tabia ya kuzitawanya nyembamba ili majina yawe mengi siku ya kupiga picha. Karo ya mwaka katika shule ya kitaifa ya bweni iliwekwa Sh53,554. Mgao wa Sh5,000 haumfungulii mtoto huyo mlango wa shule. Afadhali wachache walipiwe ikatosha, kwa vigezo vya uhitaji vilivyobandikwa ofisini kila mtu avisome. Kwa jinsi huduma hii ilivyoundwa, C.

Katika miradi, jambo la kwanza kujua ni kwamba NG-CDF ni ya kazi za serikali ya kitaifa: madarasa ya msingi na sekondari, vituo vya polisi, ofisi za machifu. Zahanati, chekechea na mitaro ya mtaani ni za kaunti. Mgombea anayeahidi zahanati kwa fedha hizo anaahidi kitu ambacho sheria haimruhusu kukijenga. Sheria ya NG-CDF ya mwaka 2015 inataka pia mikutano ya wazi katika kila wadi ndani ya mwaka wa kwanza wa Bunge jipya, kisha angalau mara moja kila miaka miwili. Wadi yako haikufanyiwa? Mpunguzie mbunge wako gredi nzima. Septemba 2024 Mahakama Kuu iliitangaza sheria hiyo kuwa kinyume cha Katiba, na suala likaenda rufaa. Mbunge ambaye sifa zake zote ni NG-CDF amejenga jina lake juu ya sheria iliyopiganiwa mahakamani.

Bandari ndiyo inayouma zaidi, na hapa twatoa D bila kusita. Kuanzia 2019 makasha yalilazimishwa kupanda reli ya SGR kwenda bandari kavu za Embakasi na Naivasha. Madereva wa trela, mawakala wa forodha, wenye mabohari, mama ntilie wa Changamwe na Miritini, wote walipungukiwa na kazi. Watu waliandamana hapa mjini. Kilichobadilisha mambo ni agizo la Rais William Ruto la Septemba 13, 2022, siku aliyoapishwa, kwamba shughuli za kuondoa mizigo zirudi Mombasa. Agizo si sheria. Lililoletwa kwa tamko moja huondolewa kwa tamko jingine. Ujumbe wenye makali ungekuwa umetumia muhula huu kusukuma mswada wa kumhakikishia mwenye mzigo uhuru wa kuchagua barabara au reli, ukatafuta kura za kaunti zote ambazo barabara ya Mombasa hadi Malaba inazipitia. Kura hizo zipo. Wanaoendesha trela hawatoki Pwani peke yake.

Feri ya Likoni nayo ni D+. Wengi humlaumu gavana, ilhali kivuko ni cha serikali ya kitaifa. Anayepaswa kumhoji waziri ni mbunge, kwa swali rasmi Bungeni au mbele ya kamati. Septemba 2019 gari liliteleza kutoka MV Harambee likamzamisha mama na bintiye, na ikachukua karibu wiki mbili kuwaopoa. Msiba ule ulitosha kuwafanya wote wanane wasimame pamoja kila bajeti inaposomwa. Daraja la kudumu la Likoni bado halijajengwa.

Seneti ni habari tofauti, na wengi hawaijui thamani yake. Mswada unaohusu kaunti ukipigiwa kura, kila ujumbe wa kaunti una kura moja. Mombasa hapo ina uzito sawa na Turkana au Nairobi. Mwaka 2020, fomula mpya ya kugawa fedha ilikwama kikao baada ya kikao, na Mombasa ilikuwa miongoni mwa kaunti ambazo zingepoteza. Suluhu ilipatikana mwezi Septemba: fomula isianze hadi fungu la kaunti lipande, ili pasiwe na inayopunguziwa. Ndiyo kazi ya kaunti ndogo inavyofanywa, kuungana na waliotishiwa kama wewe na kutoachia hadi mwisho. B+.

Anayetaka kumpa wake alama mwenyewe asome vitu vitatu: Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, ripoti ya kila mwaka ya Mzalendo Trust, shirika linalofuatilia Bunge, kuhusu michango ya wabunge, na ripoti ya Mkaguzi Mkuu ya akaunti ya NG-CDF ya eneobunge lake. Katika hiyo ya mwisho, tafuta basari ambazo shule hazikuthibitisha kuzipokea, miradi iliyolipiwa lakini haitumiki, na fedha zilizolala benki mwaka ukiisha. Hansard isisomwe kwa wingi wa maneno; angalia aliyeleta marekebisho ya mswada na aliyeunga mkono tu.

Sasa uchaguzi wa Agosti 10, 2027. Rekodi na ushindi hapa mjini haviendi sambamba. Mwaka 2022 wanane hao walikuwa wa ODM, chama cha Raila Odinga, isipokuwa Mohamed Ali wa Nyali, kwa hivyo mara nyingi kiti kimeamuliwa kwenye mchujo wa chama. Kifo cha Raila Odinga Oktoba 2025 kimelegeza kamba hiyo, na tiketi ya chungwa, yaani ya ODM, haitakuwa na uzito uleule.

Omar Mwinyi wa Changamwe na Badi Twalib wa Jomvu wameshinda mara tatu mfululizo tangu 2013, na sheria haiwawekei kikomo. Wana mizizi, ila miaka 14 ni mingi kwa mpigakura kijana asiye na kazi bandarini. Nafasi nzuri, si ya uhakika. Mishi Mboko amepanda ngazi, Mwakilishi wa Kike 2013, kisha mbunge wa Likoni 2017 na 2022. Feri na hati za ardhi ndizo zitakazomhukumu. Mohamed Ali alishinda 2017 bila chama na 2022 kwa UDA, chama cha Rais Ruto, kwa hivyo amethibitisha kuwa kura za Nyali ni zake mwenyewe. Mohamed Machele wa Mvita yuko muhula wa kwanza, katika kiti alichokiacha Gavana Abdulswamad Nassir, na bahati yake imefungamana na ya gavana. Seneta Mohamed Faki, aliye hapo tangu 2017, ana hoja ya fedha za kaunti akijua kuieleza.

Walio hatarini zaidi ni wawili. Kisauni ilimchagua Rashid Bedzimba 2013, ikamchukua Ali Mbogo 2017, ikamrudisha Bedzimba 2022; tangu mipaka mipya haijampa mtu mihula miwili mfululizo. Kiti cha Mwakilishi wa Kike, anachokikalia Zamzam Mohammed, kimebadilisha mwenyewe kila uchaguzi. Na 2022, kati ya zaidi ya wapigakura 640,000 waliojiandikisha Mombasa, chini ya nusu ndio waliofika vituoni Agosti 9. Katika viti hivyo viwili, mgombea atakayewatoa nyumbani hata sehemu ndogo ya waliokaa kando anatosha kumng'oa aliyepo.