Zulia la felti la Kirgizistani: ipi ununue kwanza, ipi uiache

Wadau, kwa wale wanaotaka felti ya Kirgizistani, iwe uko Bishkek, mji mkuu, unazunguka soko la Osh Bazaar au unaagizia mtandaoni, naomba msikimbilie ukubwa. Felti haifumwi, ni sufu ya kondoo inamwagiwa maji ya moto, inasuguliwa na kukandamizwa mpaka nyuzi zinashikana zenyewe, kwa hiyo unacholipia hapo ni mikono na muda wa mtu.

Namba moja ni shyrdak na kwangu haina mpinzani. Wanachukua felti mbili, tuseme nyekundu na nyeusi, wanazilaza pamoja na kukata mchoro kwa mpigo mmoja, mara nyingi pembe za kondoo dume, halafu vipande vinabadilishana, nyekundu inaingia kwenye nyeusi na nyeusi kwenye nyekundu, hakuna kinachotupwa na mwisho unapata mazulia mawili pacha. Kisha wanashonea juu ya felti nyingine ya chini, na kwenye maungio inapita kamba ya sufu iliyosokotwa. Ndo maana inakanyagwa miaka na miaka bado ipo.

Kuikagua ni hivi: geuza nyuma uangalie mshono, wa mkono haulingani kama wa cherehani na unafuata mchoro mpaka chini. Lowesha kitambaa cheupe usugue ile nyekundu, ikiachia rangi usichukue. Bana kona kwa vidole, felti nzuri imeshikana, haikuachii manyoya mkononi. Muuzaji akikataa usigeuze zulia lake, ondoka tu. Bajeti ikiwa ndogo chukua shyrdak ya mraba ya kukalia, kazi ni ileile na kwenye begi inaingia vizuri.

Ya pili ni ala-kiyiz. Hii sufu ya rangi inapangwa mchoro juu ya mkeka wa matete, inamwagiwa maji ya moto, inaviringishwa na kukanyagwa, kwa hiyo kingo za mchoro zinakuwa kama zimeyeyuka. Ni nzuri mno jamani, ila haina mshono wa kuibana, sebuleni kwa watoto itachoka mapema. Mi ningeitundika ukutani.

Ya tatu kalpak, kofia nyeupe ndefu ya wanaume, na ndala za felti. Hizo ni zawadi, bei inabebeka.

Ya mwisho, na hii acheni kabisa, ni mazulia ya sintetiki ya kiwandani yenye mchoro wa shyrdak. Mwaka 2012 UNESCO iliweka shyrdak na ala-kiyiz kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, na mazulia haya ya bei chee yalitajwa kati ya sababu, pamoja na kwamba waliobaki na ujuzi wengi ni wamama wa vijijini waliovuka miaka 40 na vijana hawaufuati. Ukiweza fika mkoa wa Naryn kwenyewe, kama pale Kochkor, ununue kwa vikundi vya hao wamama, hela iwafikie moja kwa moja.

Na ukishafika nalo nyumbani usilitie kwenye mashine ya kufulia, litasinyaa. Likung'ute, lianike juani mara kwa mara, hasa kama unakaa Pwani kwenye unyevu, na ukiliona lina vitundu vya nondo shughulika siku hiyohiyo.