TAHADHARI: Venti za boneti za "gari lililochinjwa" zimeniulia rejeta

Wakuu, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, na mikono bado inanuka kulanti, maji ya kupozea injini. Kuna muuzaji wa spea za magari yaliyochinjwa, yaani mabovu yaliyofunguliwa kuuzwa vipande, amenipiga. Amenipiga mchana kweupe, mimi ambaye baadhi yenu hunipigia simu kuniuliza kabla ya kununua hata hosi. Nimekaa siku nne nikijiuliza niandike au ninyamaze. Jana nimeona ameweka tangazo jipya, ndiyo maana naandika.

Habari za Mkongwe, gari langu, mnazijua. Jeep Cherokee XJ ya 1995, lita 4.0, silinda sita, na ugonjwa wake ni uleule: barabarani mzima, akipanda mwamba polepole anachemka. Kabla hamjaniuliza, rejeta ilikuwa mpya, themostati mpya ya nyuzi 91, klachi ya feni (inayoiunganisha feni na injini) mpya, pampu haina hata mwaka. Kilichobaki ni hewa ya moto kukosa njia ya kutokea. Ukitembea mwendo wa kasi, hewa inapita kwenye rejeta na kutokea chini ya gari. Ukitambaa, inajazana chini ya boneti inazunguka palepale, na feni inaivuta tena. Kwa hiyo nikaamua kufanya walichofanya wenye XJ wengi kabla yangu: kutafuta venti za chuma, vile vipande vyenye matundu ya kutolea hewa ya moto, kutoka kwenye gari lililochinjwa, nikate boneti, nizifunge.

Naomba mnisikilize kwanza kwa nini nilimwamini, kwa sababu najua wapo watakaosema nilikurupuka. Sikukurupuka. Huyu mtu anaijua kazi. Nilipompigia mara ya kwanza hakuniuzia chochote. Aliniuliza kwanza kama klachi ya feni inakaza injini ikipata moto. Akanishauri nianze kwa kuweka washa (pete bapa za chuma) chini ya bawaba za boneti ili inyanyuke kidogo kwa nyuma, nione kama itasaidia, bila kukata. Akanieleza kwamba venti nisizisogeze karibu na kioo cha mbele, kwa kuwa pale upepo unakandamiza na gari likikimbia hewa itaingia badala ya kutoka. Zikae mbele, nyuma kidogo ya rejeta. Akanikumbusha nisikate mbavu za ndani za boneti, na nikague distribyuta, inayogawa umeme wa plagi, ilipo ili mvua isije ikaidondokea. Yote hayo ni kweli! Niliyahakiki moja baada ya jingine. Mtu akikupa ushauri wa kweli mara tano, ya sita unaichukua bila kuikagua.

Tukakutana. Alikuja na venti mbili zimefungwa kwenye taulo la kijivu. Akalifungua taratibu juu ya boneti yangu mwenyewe, akaanza na ya kulia. Akagonga fremu kwa ukucha wa kidole gumba, ikalia ting. Akatoa ufunguo, akakwaruza kona ya nyuma mstari mfupi kama punje ya mchele, chuma kikang'aa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa sumaku ndogo ya duara, akaibandika pembeni mwa fremu. Tak. Ikashika. Akasema, "Kaka, hili ni bati la kiwandani, siyo yale maplastiki ya urembo." Halafu akaninyooshea ile sumaku: "Jaribu mwenyewe."

Nikaipokea. Nikaibandika palepale alipoibandika yeye. Ikashika, nikatikisa kichwa, nikamrudishia.

Sentimita tano tu kutoka pale zilikuwa luva zenyewe, yale mapezi ya kupitishia hewa. Sumaku ilikuwa vidoleni mwangu na sikuisogeza. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, kuliko hata fedha.

Venti ya kushoto alinionyesha nusu yake ikiwa bado ndani ya taulo. Sikudai kuishika. Nililipa yote papo hapo, akiba ya miezi mitatu, na akanipa bure karatasi ya kuchorea matundu. Nikamshukuru. Nilimshukuru mara mbili.

Kazi ya kukata niliifanya na mdogo wangu, na sina la kujilaumu hapo. Tulipima mara tatu, tukabandika tepu ili msumeno usikwaruze rangi, tukatoboa matundu ya pembeni kwa drili kwanza. Mnaojua kazi hii mnajua moyo unavyodunda bledi inapozama kwenye boneti nzima isiyo na kutu. Kingo tulizipiga tupa, tukapaka praima, tukaacha ikauke usiku kucha. Asubuhi tukafunga nati, tukawasha. Baada ya dakika kumi ungeona hewa ikitetemeka juu ya venti kama juu ya bati la jua kali. Niliweka kiganja changu pale na joto likanisukuma mkono. Wiki ile nilikuwa na furaha sana, baadhi yenu niliwatumia picha. Naomba radhi kwa waliotaka namba yake nami nikawapa.

Jumamosi iliyofuata tulipanda. Dakika arobaini kwenye gia nzito, mshale haukusogea. Juu tukasimama kuwasubiri wa nyuma, injini ikiunguruma. Mnaelewa kinachotokea hapo: gari limesimama, hakuna upepo, joto lote linapanda moja kwa moja kwenye venti. Nikasikia kitu kimegonga, kla, kla-kla, kisha kishindo, na mvuke ukatoka kwenye luva zangu mpya. Nilizima mara moja. Nadhani hilo ndilo lililookoa silinda hedi.

Nilipofungua boneti, bolti moja ya venti, na nati yake ikiwa bado imekaza, ilikuwa imelala juu ya mkingio wa feni. Nyingine ilikuwa imeingia kwenye feni yenyewe, ikavunja panga lake moja, na panga hilo likachana rejeta kutoka katikati hadi chini. Nikaichukua ile bolti ya kwanza. Kichwani ilikuwa na donge la gundi ya rangi ya asali, limebonyea kama nta.

Maana yake hii hapa. Bolti za asili za nyuma ya venti zilikwishakatika zamani. Yeye akabandika bolti nyingine kwa epoksi, ile ya mirija miwili ya kuchanganya. Epoksi nyingi za kawaida huanza kulegea joto likipita nyuzi 60 hivi, na yeye anauza kitu cha kukaa juu ya injini ambayo themostati yake hufunguka kwenye 91! Usiku ule nikatafuta sumaku, nikaipitisha kwenye venti ya kushoto luva kwa luva. Kati ya saba, nne hazikushika kitu. Nikakwangua kwa bisibisi: rangi nyeusi, chini yake puti ile ya kuzibia mabonde ya bodi, chini yake kipande cha wavu wa waya. Luva nne za puti. Ile aliyoificha kwenye taulo.

Nilimpigia. Akapokea kwa upole uleule. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Kaka, ukishakata boneti kitu hakirudi, nilikwambia." Na ni kweli alisema, siku ile ile, nami niliona ni sharti la kawaida. Sasa nimeelewa kwa nini analiweka. Bidhaa yake haionyeshi ubovu mpaka ipate joto la injini, na haipati joto mpaka uwe umekwisha kutoboa boneti yako. Amepanga hivyo. Kwa macho tu, hakuna namna ya kugundua ubovu bila kupoteza haki ya kurudisha. Nikamwambia watu wangekuwa wameinama pale mbele wakati panga linakatika ingekuwaje. Akakata simu. Sasa hapatikani kwenye namba ile.

Mtu wa aina hii hastahili kuitwa mfanyabiashara. Kipande cha panga kinaruka na kinaweza kutoboa jicho la mtoto aliyesimama pembeni kuangalia gari. Anayejua joto la injini kiasi kile hawezi kusema hakujua gundi itafanya nini. Nataka ashtakiwe. Nataka alipe rejeta, feni na boneti, kisha afungiwe asiuze spea hata ya baiskeli. Na nataka asimame mbele ya kila aliyemuuzia, aipitishe sumaku yake mwenyewe kwenye luva, kila mtu akiangalia. Baadhi mmeniambia nimsamehe, eti ni mtaji tu wa maskini. Hapana. Maskini wenzake ndio anaowauzia.

Dalili zilikuwapo, nakiri. Rangi ilikuwa mpya mbele na nyuma, na kitu kilichotoka kwenye gari bovu hakiwi na rangi mpya upande usioonekana. Venti ya kushoto ilikuwa nyepesi kuliko ya kulia, nililihisi hilo wakati wa kufunga nikadhani ni mikono imechoka. Kulikuwa na harufu ya rangi kwenye taulo. Na hakuniachia kitu mkononi muda mrefu, alikuwa anakishika yeye muda wote. Vuta kila bolti kwa koleo kabla hujalipa, pitisha sumaku kila mahali, siyo pembeni tu. Mengine mtaongezea nyinyi, kichwa changu hakijatulia.

Jina sijaliandika kwa sababu analibadilisha. Tangazo la jana lina jina jingine kabisa. Lakini picha ni ileile: taulo la kijivu, venti mbili, ya kushoto imefunikwa nusu.

Bolti zote mbili ninazo, na luva za puti sijazitupa. Kama umenunua kwake, usiwashe gari, fungua boneti leo na uzijaribu bolti kwa mkono. Kisha niandikie, tuende kushtaki pamoja.