Dredi saluni: huduma ipi uilipie kwanza

Mwenye dredi akikaa kwenye kiti cha saluni hutajiwa huduma nyingi kwa mpigo: kuosha, kusokota, kufunga kwa sindano, kukarabati, mtindo, rangi. Wengi huchagua kile kitakachoonekana kwenye kioo. Mimi nazipanga kwa kigezo kimoja: ipi inazifanya nywele zikae kichwani miaka mingi zikiwa na afya.

Namba moja, bila ubishi, ni kuoshwa na kukaushwa. Msusi anayejua kazi hulowesha dredi zote, hutia shampuu isiyoacha mabaki kwenye ngozi ya kichwa, husugua kwa ncha za vidole wala si kwa kucha, kisha hukamua dredi mojamoja kutoka shinani hadi nchani mpaka maji yanayotoka yawe safi. Halafu draya, na hapa ndipo pa kuwa mkali. Dredi nene hukauka juu huku ndani ingali mbichi, na unyevu ukilala humo mara kwa mara huzaa kuvu na harufu ya uvundo ambayo hakuna mafuta ya kuificha. Kabla hujainuka, minya kwa vidole viwili ile dredi nene kuliko zote, mara nyingi iko kisogoni. Ukihisi ubaridi, rudi chini ya draya. Msusi anayekuharakisha kwa sababu foleni ni ndefu hakufai, hata awe na mkono mzuri kiasi gani.

Muulize pia anasokotea nini. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi joto 62 hadi 64 za Selsiasi, na maji ya moto kiasi hicho yatakuunguza kichwa. Kwa hiyo kuosha kwa kawaida hakuitoi. Inabaki ndani ikinasa vumbi na nyuzi za nguo. Jeli nyepesi ya mshubiri hutoka kwa maji, na inatosha.

Namba mbili ni kusokota mizizi kwa mkono. Nywele hukua kama sentimita moja tu kwa mwezi, basi kila wiki 4 hadi 6 panatosha. Anayesokotwa kila wiki ili aonekane nadhifu anayakondesha mashina yake mwenyewe, na dredi iliyokonda shinani hukatika kwa uzito wake.

Kufunga mizizi kwa sindano, yaani kupitisha ncha ya dredi katikati ya shina lake, naiweka namba tatu, ingawa kwa mtu anayeogelea, anayetoka jasho jingi au mwenye nywele laini zinazofumuka upesi ingepanda hadi ya pili. Haifumuki ukiosha, na hudumu wiki 6 hadi 8 au zaidi. Shida yake ni kwamba kosa la mkono hubaki humo. Ncha ya dredi ikipitishwa shinani kutoka upande uleule kila mara, hufanyika tundu na shina hugawanyika mara mbili. Msusi makini hubadilisha pande: juu, chini, kulia, kushoto. Mwangalie kwenye kioo anavyofunga dredi ya kwanza. Na akivuta mpaka ngozi inainuka, mwambie alegeze hapohapo.

Namba nne ni ukarabati kwa sindano ya krosheti, ile yenye kindoano nchani: ulipie pale tu dredi imepasuka au imekonda. Sindano hiyo hukata nywele kidogo kila inapopita, kwa hiyo asikupitishie kichwa kizima kila unapokwenda.

Mitindo ni ya namba tano. Kusuka dredi mbilimbili, vifundo, mawimbi, kubana juu: yote yanapendeza, mradi nywele za pembeni zisivutwe. Ukiona vipele vidogo kwenye paji au juu ya masikio, fumua siku hiyohiyo. Mvuto wa muda mrefu huua vinyweleo, na vikifa nywele hazirudi tena.

Rangi naiacha mwisho. Dawa ya kung'arisha, yaani ya kuondoa weusi wa nywele, hudhoofisha unywele, na kuisuuza itoke yote ndani ya dredi ni kazi ngumu mno. Ukiitaka kweli, subiri dredi zikomae, upake ncha peke yake, mbali na ngozi.